Niliunda dimbila uani, simu ikaniingiza mkenge

Mbao nane, migomba miwili na sikio la mzee mmoja wa Mikindani

BINAMU yangu aliyeko Ufaransa alinirushia picha kwenye simu. Yuko jikoni kwake, mezani boksi limefunguliwa, vipande vya mbao vimetandazwa kama dagaa juani, na kando kuna kijitabu cha maelekezo. "Naunda zeze," kaniandikia. "Wewe huko unaunda nini?"

Uchokozi mtupu! Nikajiapiza kumjibu kwa vitendo.

Kabla hatujaenda mbali, msomaji wangu, nikujuze hilo zeze lenyewe ni mdudu gani. Wazungu wanaliita hadigadi. Mimi nimelibatiza zeze la gurudumu, maana ndivyo lilivyo. Zeze la kawaida, kama lile la Wagogo, linapigwa kwa upinde: mkono unakwenda, mkono unarudi. Hili halina upinde. Lina gurudumu la mbao tumboni, na kishikio cha kuzungushia kama cherehani ya mkono. Gurudumu limepakwa utomvu mkavu wa msonobari, linasugua nyuzi bila kupumzika. Mkono wa kushoto unabonyeza vidude vya mbao vinavyogusa uzi na kubadili sauti, huku nyuzi nyingine zinavuma tu muda wote kama nyuki mzingani. Pale nyuzi zinapogusa gurudumu, zimeviringishiwa pamba zisikwaruze.

Si kitu cha jana. Babu yake alipigwa makanisani Ulaya karne ya 12, na alikuwa mkubwa kiasi kwamba walihitajika watu wawili: mmoja anazungusha, mwingine anashughulika na sauti. Kwenye kanisa kuu la Santiago de Compostela, Hispania, juu ya mlango ambao vizingiti vyake viliwekwa 1188, wamechongwa wazee wawili wamekipakata chombo hicho mapajani, mpaka leo wapo.

Baadaye kilipungua umbo, kikapigwa na kila aina ya mtu. Mabwana wakubwa wa Ufaransa walikizimia karne ya 18, na ombaomba nao walizunguka nacho mitaani. Ukraine kilikuwa mkate wa waimbaji vipofu. Franz Schubert alipotunga nyimbo zake 24 za Winterreise mwaka 1827, wimbo wa mwisho kabisa aliuacha kwa mzee mmoja anayezungusha chombo hiki kwenye baridi, sahani yake tupu, hakuna anayemsikiliza.

Siku hizi kinauzwa hata ndani ya boksi. Kampuni ya Ugears ya Ukraine, kwa mfano, inauza cha kujiundia: vipande vimeshakatwa kwa mashine, kazi yako ni kuchomeka tu kwa kufuata kijitabu. Kipande namba hii kinaingia tundu namba ile. Hata kama hujawahi kushika randa maishani, utatoka na chombo kinacholia.

Hicho kijitabu, msomaji, kiweke akilini. Tutarudi kwake.

SISI TUNA BOKSI LETU

Mimi nipo Mikindani, mwendo mfupi wa daladala kutoka Mtwara mjini. Mji mkongwe huu. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga boma lao mlimani 1895. Wageni wakija wanapiga picha boma na milango ya nakshi, basi, wanapanda gari wanaondoka.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni mzee wa Kimakonde, aliyeteremka zamani kutoka milima ya Newala. Chumbani kwake, juu ya kabati, kuna mzigo umefungwa kwa kamba ya katani. Kwa miaka nilidhani ni kuni. Siku hiyo nilipomwonyesha picha ya binamu, akacheka, akaingia ndani, akatoka nao. Akafungua kamba. Mbao nane, nyeusi kwa moshi na jasho la mikono.

"Na mimi ninalo boksi langu," akasema.

Hiyo ndiyo dimbila, marimba ya Wamakonde. Usiifananishe na ile ya kupiga kwa vidole gumba, yenye vyuma juu ya kisanduku. Hii ni ya mbao zilizolala, zinapigwa kwa vijiti, na watu wawili hukaa kwenye chombo kimoja. Ndugu zake wametapakaa huku kusini mpaka Msumbiji na Malawi. Margot Dias, mama mzaliwa wa Ujerumani aliyesomea piano, aliwaandika na kuwarekodi Wamakonde wa upande wa pili wa Ruvuma kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Kitabu chake cha vyombo vya muziki vya Msumbiji kilitoka 1986.

Uzuri wa dimbila ni kwamba haina mwili. Huna gundi, huna msumari. Mbao unazilaza juu ya vigogo viwili vya mgomba, ukimaliza kupiga unazifunga tena na kuweka juu ya kabati. Migomba ikioza, unakata mingine. Kama si boksi la kujiundia hilo, ni nini?

Mzee alizirithi mbao zile kwa mjomba wake. Mwenzake aliyekuwa anakaa naye upande wa pili alishafariki, ndiyo maana mzigo ulikaa juu ya kabati. "Peke yako hii hulizi," akasema. "Unagonga tu kama seremala."

Akaniazima niige. Zote nane. Laiti angejua!

HAYA, TWENDE KAZI

Kwa wewe unayetaka kujaribu uani kwenu, hivi ndivyo nilivyofanya. Gharama ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Dar.

Kwanza mbao. Nilienda kwa fundi seremala nikaomba mabaki ya mninga. Mninga unalia vizuri, ni mwepesi wa kuchonga na haupindi ovyo. Sharti uwe mkavu, maana mti mbichi unatoa sauti ya kufa, na ukikauka baadaye sauti inakukimbia. Kuna atakayekushauri mpingo. Mwambie ahsante, hapana. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, unakua taratibu kwa miaka mingi, na wa kwetu huku kusini unasakwa na mafundi wa Ulaya kwa ajili ya klarineti na filimbi zao. Uache porini.

Pili vipimo. Ubao wangu mrefu kabisa ulikuwa sentimeta 60. Ule mfupi, unaotakiwa kutoa sauti ileile lakini ngazi ya juu, watu wengi wataukata nusu, sentimeta 30. Wamekwisha! Ubao si uzi wa gitaa. Ukiukata nusu, sauti inaruka ngazi mbili nzima. Kwa unene uleule, sentimeta 42 na ushee zinatosha. Ndiyo maana ukikata sentimeta 5 tu kwenye ubao wa 50, mitetemo inaongezeka kwa asilimia 23 hivi. Msumeno uende kwa adabu.

Tatu, mahali pa kulaza. Ubao ukiukandamiza popote unanyamaza. Una sehemu mbili tu ambazo hazitetemeki, na hapo ndipo panapokaa juu ya mgomba. Kuzipata ni raha: mwagia mchanga mkavu juu ya ubao, gongagonga katikati taratibu. Mchanga unahama wenyewe na kujipanga mistari miwili, kila mmoja umeingia ndani kama asilimia 22 ya urefu. Kwa ubao wa 60 ni sentimeta 13 na kitu kutoka kila ncha. Watoto wa mtaani walijaa uani kuangalia mchanga wa pwani yao unatembea.

Kwa kuwa mbao zinapungua urefu, migomba nayo hailali sambamba. Upande wa mbao ndefu inaachana, upande wa fupi inakaribiana. Halafu unachomeka vijiti kwenye mgomba, katikati ya ubao na ubao, visisukumane.

Nne, kurekebisha sauti. Hapa shika sana. Ukipunguza unene katikati, upande wa chini, sauti inashuka. Ukipunguza kwenye ncha, inapanda. Basi. Siri yote ya marimba duniani iko kwenye sentensi hizo mbili, na mimi ndizo zilizoniponza.

SIMU NA MSHALE WAKE

Nilishachonga mbao zangu saba, kwa kugonga wa mzee, kugonga wangu, kukwangua, kugonga tena. Siku tatu. Nimechoka. Mshikaji mmoja wa kijiweni akaja na akili ya mjini: "Mwana, unateseka nini? Pakua programu ya kupimia sauti. Wapiga gitaa wote wanayo."

Nikapakua. Unagonga ubao, simu inasikiliza, mshale unacheza. Ukisimama katikati, rangi ya kijani. Ukienda pembeni, nyekundu: umekosea.

Nikaanza na mbao za mzee, nizipate vipimo vyake. Ubao wa kwanza, kijani. Wa pili, nyekundu. Wa tatu, nyekundu tupu, mshale umeegemea kulia. Nikagonga tena. Nyekundu.

Nikajisemea, masikini mzee, masikio yameshachoka, ubao wake umeharibika na hajui. Nimfanyie hisani. Nikaugeuza, nikachukua tupa, nikakwangua katikati. Kidogo. Kidogo tena. Mshale ukarudi, ukarudi, ukasimama. Kijani! Nilifurahi kama aliyefunga bao.

Jioni nikaurudisha mzigo mwenyewe, kifua mbele. Mzee akapanga mbao barazani, juu ya mapaja na kiti. Akagonga wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Akasimama. Akagonga wa tatu mara ya pili, akaugeuza, akaona mkwaruzo mweupe kwenye mti mweusi.

Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Nani kakwambia umekosea?"

"Simu, mzee."

"Simu imezaliwa wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Huyu umemuua, mjukuu wangu. Mjomba aliondoka akiwaacha wanane. Sasa wako saba na maiti."

Nilirudi nyumbani, chakula hakikupita.

KWA NINI SIMU ILIDANGANYA

Simu haikuwa mbovu. Ilikuwa inajibu swali jingine. Programu zile zimefundishwa sauti za piano. Piano inagawa ngazi moja ya sauti katika vipande 12 vilivyo sawa, na ule wimbo wa do-re-mi tulioimba shuleni unachagua saba kati ya hivyo, kwa hatua zisizolingana: nyingine ndefu, nyingine fupi. Chochote kinachoangukia katikati, simu inakiona kosa.

Sasa, zipo marimba nyingi za Afrika ambazo hazina habari na mpango huo. Zinagawa ngazi ileile katika hatua saba zinazokaribia kulingana. Mbao nyingi ni lazima ziangukie katikati ya sauti za piano. Si kwamba fundi kakosea. Alikuwa anaelekea kwingine kabisa, naye kafika. Hugh Tracey alizipima timbila za Wachopi wa Msumbiji kwa vyuma vyake vidogo vya kupimia sauti, akaeleza mambo haya katika kitabu chake cha 1948. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, ambayo ipo mpaka leo. Hao Wachopi, timbila zao zilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote.

Mbao za mzee wangu nazo, nilipozigonga tena zile saba zilizosalimika huku sasa nasikiliza badala ya kuangalia rangi, zilikuwa zinapanda kwa hatua zinazofanana. Ule wa tatu ndio ulioinama peke yake. Nilikuwa nimemwingiza mgeni kwenye familia.

Hapo ndipo nikakumbuka kijitabu cha binamu. Yeye akiharibu kipande, anafungua ukurasa, anaona kipimo, anaagiza kingine. Mbao zile nane kijitabu chake kiko wapi? Hakijaandikwa. Kiko ndani ya sikio la mtu mmoja, na mwenzake aliyekuwa na nakala ya pili kashazikwa nayo.

NCHA KWA NCHA

Kesho yake asubuhi nikaenda kuomba radhi, na kilo ya sukari mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Kimya. Halafu: "Leta hiyo tupa yako."

Tulikaa barazani mpaka adhuhuri. Kwa kuwa nilikwangua katikati na sauti ikashuka, dawa ilikuwa kukwangua ncha ipande tena. Yeye anagonga, mimi nakwangua. Hakuwa anaupima ubao peke yake hata mara moja. Anagonga wa kwanza, wa tatu, wa tano. Wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha anapiga kipande cha wimbo kinachopita pale, anasikiliza kama umekwama. "Bado." Nakwangua. "Bado." Nakwangua, jasho linatiririka. "Basi! Usiguse tena!"

Akapiga wimbo mzima. Ukapita.

"Amerudi?" nikauliza.

Akafikiri kwanza. "Amerudi. Lakini kama mtu aliyekaa sana ugenini. Anazungumza lugha yetu, ila lafudhi imebadilika."

Mti ulioondoka haurudi. Nililibeba hilo, na bado nalibeba.

Kisha akanifanyia jambo ambalo sikulistahili. Alinituma nikate migomba. Tukaipanga uani, tukalaza mbao, akakaa upande wake, akanionyesha upande wa pili. Mahali pa marehemu. Akanipa sehemu fupi, mapigo matatu ya kurudia bila kusimama, na onyo moja: nisimfuate yeye. Mapigo yangu yaangukie pale ambapo yake hayapo. Dakika kumi za kwanza ilikuwa kasheshe, tunagongana kama bodaboda njia panda. Halafu, sijui ilikuwaje, ikakaa. Sauti za wote wawili zikachanganyika, ukatoka wimbo wa tatu ambao hapigi yeye wala sipigi mimi. Mama wa jirani akaacha kukaanga samaki, akaja kusimama mlangoni.

Nikawakumbuka wale wazee wawili wa mawe juu ya mlango Hispania, wamepakata chombo kimoja. Nao kumbe!

KIJITABU CHAKO UKIANDIKE SASA

Kwa hiyo, msomaji wangu wa mjini, usiitupe simu. Itumie kwa kazi inayoiweza. Mbao za zamani ukizikuta kwa babu au mjomba, fanya hivi kabla hujagusa chochote:

Zipe namba kwa chaki, usichonge. Rekodi kila ubao peke yake, mapigo matatu matatu, mahali pasipo na upepo. Zile programu zinaonyesha pia idadi ya mitetemo kwa sekunde. Iandike namba hiyo, rangi ya mshale ipuuze. Pima urefu, upana, unene wa katikati na wa ncha. Andika na mti ni gani, na mgomba unakaa wapi. Kisha mrekodi mwenyewe anapiga, na muhimu kuliko vyote, mrekodi akiwa anasema "bado, bado, basi."

Halafu chonga zako. Zako ndizo za kukosea. Huku Mtwara utamaduni haujafa, tusidanganyane. Lipo tamasha la MaKuYa, lililochukua jina kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, na mtu anayecheza sindimba huhitaji kumtafuta kwa tochi. Lakini ngoma ya kuchezwa uwanjani ina watu mia wa kuikumbuka. Sauti ya ubao wa tatu wa mzee mmoja ina mtu mmoja.

Mimi mbao zangu nane nimemaliza. Zimechongwa kufuata za mzee, na ule wa tatu niliuweka mwisho kabisa, yeye akiwa amekaa mbele yangu. Kijitabu chake kinaendelea, kurasa kumi na moja za daftari la mistari mpaka sasa.

Binamu nilimtumia sauti tuliyorekodi uani, mimi na mzee, jogoo akiwika katikati. Akaisikiliza, akajibu haraka: "Bomba! Naitaka. Maelekezo yake yanapatikana wapi?"

Nikamwandikia: "Yako barazani, yanakunywa kahawa. Ukija, uyaamkie kwanza."